Bendi iliyorejea ni kubwa kiasi gani? Foleni, viwanja, masikio na chati mezani

Swali ni moja na ubishi hauishi: Oasis ni bendi ya dunia nzima, au ni bendi ya Waingereza ambayo wengine tunaijua kwa wimbo mmoja? Tangu ndugu wawili wa bendi hiyo, Liam na Noel Gallagher, watangaze tarehe 27 Agosti 2024 kwamba wanarudi jukwaani, miaka 15 baada ya bendi kuvunjika jijini Paris, nimeona mashabiki watu wazima wakinuniana kwa jambo hili. Mmoja anataja foleni ya tiketi. Wa pili anataja chati za Marekani za miaka ya tisini. Wa tatu anatoa simu mfukoni kuonyesha wimbo umesikilizwa mara ngapi. Namba zao zote ni za kweli, ila mwamba ngoma ngozi huivuta kwake.

Mimi ni shabiki wao tangu ujana, na moyo wangu ungependa jibu liwe "ni ya dunia nzima" tukamalize hapo. Nilipokaa na namba zenyewe ndipo nikaona kwamba hawa wabishi hawazungumzii kitu kimoja. Mwenye foleni anapima hamu. Mwenye viwanja anapima hamu iliyokwisha kutoa pesa. Mwenye simu anapima mazoea ya kila siku, na mwenye chati anapima enzi iliyopita. Ndiyo maana nimeviweka vipimo vyote vinne mezani na kuviuliza maswali yaleyale: kinahesabu nini hasa, kinavuka mipaka ya nchi kwa kiasi gani, kinapotosha wapi, na kinamfaa nani. Oasis ndiyo mfano wangu mkuu, lakini nitaita na bendi nyingine zilizoachana zikarudiana, kwa sababu bendi moja peke yake haitoshi kukuonyesha kipimo kimepinda wapi.

Kipimo cha kwanza: foleni

*Kinahesabu nini.* Watu waliojitokeza kutaka tiketi, wapate wasipate. Asubuhi ya tarehe 31 Agosti 2024, tiketi za Uingereza na Ireland zilipofunguliwa, waandaaji walisema watu zaidi ya milioni 10 kutoka nchi 158 walijaribu kununua. Tiketi zilizokuwepo zilikaribia milioni 1.4. Aliyekuwa mbele ya kompyuta siku ile anaikumbuka hali yenyewe: namba ya walio mbele yako ni laki kadhaa, mstari unasogea kidogo kisha unaganda, chai inapoa pembeni, na unaogopa hata kwenda msalani zamu yako isije ikapita. Saa zinakatika, namba inashuka, na ukifika mbele unakuta sehemu uliyoitaka imekwisha.

Bendi hii ina historia na foleni. Agosti 1996 walipiga usiku mbili mfululizo Knebworth, Uingereza, mbele ya watu 250,000, na walioomba tiketi walizidi milioni 2.5. Hata hivyo, kwa kipimo hiki mfalme ni Led Zeppelin. Tarehe 10 Desemba 2007 walirudi kwa usiku mmoja tu katika ukumbi wa O2, London, mtoto wa marehemu John Bonham, mpiga ngoma wao wa zamani, akipiga ngoma mahali pa baba yake. Maombi ya tiketi yalifika milioni 20 kwa ukumbi unaobeba watu kama 20,000, ikabidi ipigwe kura. Tiketi ya kawaida ilikuwa pauni 125, lakini katika mnada wa hisani shabiki mmoja alilipa pauni 83,000 kwa tiketi mbili. Baada ya usiku ule hawakufanya ziara. Ukilipima onyesho lile kwa tiketi zilizouzwa, ni dogo kuliko usiku mmoja wa uwanja wa Wembley, London. Ukilipima kwa foleni, hakuna bendi nyingine iliyorejea inayolikaribia.

*Mipaka.* Hapa foleni inaongoza. Shabiki wa Lima au Seoul anasimama kwenye foleni ya London bila kuuliza kama bendi itafika kwao, na zile nchi 158 ni ushahidi ambao uwanja mmoja hauwezi kukupa.

*Kinapotosha wapi.* Kuomba hakugharimu kitu. Mtu mmoja anaingia na simu mbili na kompyuta, na walanguzi wanaingia na programu zinazojifanya watu. Halafu namba yenyewe hutolewa na waandaaji, ambao wanafaidika ikiwa kubwa. Wala usilinganishe foleni ya 1996 na ya 2024 kana kwamba ni mtu na pacha wake. Zamani ilibidi ung'ang'ane na simu ya mezani. Siku hizi unabonyeza ukiwa kitandani.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kujua joto la siku yenyewe, na anayetaka kupima uwezekano wake wa kupata tiketi. Kwa anayetaka kulinganisha bendi za enzi mbili, hakimfai.

Kipimo cha pili: viwanja

*Kinahesabu nini.* Usiku ngapi, viwanja vya ukubwa gani, wapi, na vilijaa au la. Ndicho kipimo ninachokiamini zaidi kwa swali la mahitaji ya matamasha, na ndicho chenye mitego mingi kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa nacho.

Ziara ya Oasis ya 2025 ilianzia Cardiff tarehe 4 Julai na kuishia São Paulo tarehe 23 Novemba, usiku 41 kwa jumla. Zigawe kwa nchi uone. Uingereza ilipata 17: Cardiff 2, Manchester 5 katika bustani ya Heaton Park, Wembley 7, Edinburgh 3. Dublin ilipata 2. Marekani ilipata 5 tu: Chicago usiku mmoja, New Jersey mbili, Pasadena karibu na Los Angeles mbili. Kanada 2, Mexico 2, Korea Kusini 1, Japani 2, Australia 5, Argentina 2, Chile 1, Brazil 2.

Sasa weka idadi ya watu kando ya namba hizo. Marekani ina watu takriban milioni 340, karibu mara tano ya Uingereza, na ilipata chini ya theluthi ya usiku za Uingereza. Australia ina watu kama milioni 27 na ililingana na Marekani, usiku 5 kwa 5. Mtu akiniambia Oasis ni kubwa sawasawa kila mahali, namwonyesha hesabu hii. Mtu akiniambia ni bendi ya Uingereza tu, namwonyesha hesabu hiihii: usiku 22 kati ya 41, zaidi ya nusu, zilikuwa nje ya Uingereza na Ireland, katika viwanja vikubwa vinavyobeba makumi ya maelfu.

Usiku zinazoongezwa nazo zina habari yake. Tangazo la kwanza la Uingereza na Ireland lilikuwa na usiku 14. Hata kabla mauzo hayajaanza zikawa 17, kisha Wembley ikaongezewa mbili zikawa 19. Melbourne ilianza na usiku mmoja ikaishia na tatu. Mwandaaji haongezi usiku kwa mapenzi. Anaongeza kwa sababu ameona walioachwa nje ni wengi kiasi cha kujaza uwanja mwingine.

*Mipaka.* Kinavuka vizuri pale bendi inaposafiri, lakini kinaona tu ilikosimama. Nchi ambayo ziara haikuifikia inahesabiwa sifuri hata kama mashabiki wake walipanda ndege kwenda Manchester. Na wapo waliofanya hivyo, kwa hiyo uwanja uliojaa Uingereza haukujaa Waingereza peke yao.

Mfano unaonifundisha hapa ni The Stone Roses, majirani wa Oasis kutoka Manchester hiyohiyo. Waliporudiana, tiketi 220,000 za usiku tatu za Heaton Park za mwaka 2012 zilikwisha kwa dakika 68. Mwaka uliofuata walipewa nafasi ya juu katika tamasha la Coachella, California, na waliojitokeza mbele ya jukwaa lao walikuwa wachache mno. Bendi ni ileile na nyimbo ni zilezile. Anayepima kwa Heaton Park peke yake angeapa kwamba dunia nzima inawasubiri.

*Kinapotosha wapi.* Kwanza, uwanja uliojaa unakuonyesha sakafu, haukuonyeshi dari. Usiku mmoja wa Chicago ulijaa. Je, wa pili ungejaa? Hakuna aliyeujaribu. Ratiba hubanwa na nafasi ya viwanja, misimu ya ligi, hali ya hewa, na pengine uamuzi wa waimbaji wenyewe wa kutochoka. Idadi ndogo ya usiku si lazima iwe idadi ndogo ya mashabiki.

Pili, pesa. Wengi hupenda kulinganisha mapato, na hapo Guns N' Roses wanatawala: ziara yao ya kuwarudisha pamoja Axl Rose, Slash na Duff McKagan, kuanzia 2016 hadi 2019, iliingiza zaidi ya dola milioni 580. Lakini ilikuwa na maonyesho zaidi ya 150. The Police, waliporudiana 2007 na 2008, nao walipiga karibu 150 na kuingiza zaidi ya dola milioni 350. Huwezi kuweka jumla ya miaka zaidi ya mitatu kando ya ziara ya miezi mitano ukatangaza mshindi. Gawa kwanza kwa usiku.

Tatu, bei. Siku ile ya Agosti, tiketi ya kusimama uwanjani kwa Oasis ilianza pauni 148.50, na wengi waliosubiri saa nyingi wakaikuta pauni 355.20 kwa nafasi ileile, miguu ileile juu ya nyasi zilezile. Mashabiki walikasirika, na bado naona walikuwa na haki. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilichunguza. Haikuona ushahidi wa kompyuta iliyokuwa ikipandisha bei yenyewe kadiri foleni inavyokua. Iliona kwamba kulikuwa na madaraja mawili ya bei, la chini likauzwa kwanza, na wanunuzi hawakuelezwa mapema. Pia iliona tiketi zilizopewa jina la kifahari zikiuzwa karibu mara mbili na nusu ya bei ya kawaida bila maelezo ya kutosha kwamba hazina ziada yoyote. Kwa mpimaji, maana yake ni kwamba mapato yanaweza kupanda zaidi ya mara mbili bila mtu mmoja wa ziada kuingia getini. Ukitaka mahitaji, hesabu vichwa.

*Kinamfaa nani.* Anayeandaa matamasha, anayepanga safari, na shabiki anayetaka kulinganisha nchi na nchi. Akitumie pamoja na idadi ya watu wa nchi husika, asikitumie kikavu.

Kipimo cha tatu: masikio

*Kinahesabu nini.* Mara ambazo nyimbo zinasikilizwa kwenye mitandao ya muziki. Mwaka 2020 wimbo wa Oasis, Wonderwall, ulivuka mara bilioni 1 kwenye Spotify, ukiwa wimbo wa kwanza wa miaka ya tisini kufika hapo. Kumbuka kwamba bendi haikuwepo wakati huo, haikuwa na ziara wala tangazo. Watu waliusikiliza kwa sababu wanaupenda, na wamo waliozaliwa baada ya wimbo wenyewe kutoka.

*Mipaka.* Kinafika pasipofika ndege ya bendi. Kijana ambaye nchi yake haitapata tamasha kamwe anahesabiwa sawa na jirani wa Wembley. Hata hivyo mtandao mmoja si dunia: China ina mitandao yake, na mtu wa umri wangu mwenye sidii zake kabatini hahesabiwi popote.

*Kinapotosha wapi.* Kinachanganya wimbo na bendi. Kuna watu wanaoujua Wonderwall neno kwa neno na hawawezi kutaja wimbo wa pili wa Oasis. Hawatalipa kwenda uwanjani, na si kosa lao. Programu nazo huchagua wimbo unaofuata zenyewe, kwa hiyo wimbo unaweza kupigwa jikoni mwa mtu aliye chumbani. Ukitaka kukitumia kwa haki, usitazame wimbo wa kwanza kwa wingi, tazama wa kumi. Bendi ambayo wimbo wake wa kumi bado una wasikilizaji wengi ina mashabiki. Ambayo namba inaporomoka baada ya wimbo wa kwanza ina wimbo.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kujua kama bendi imerithiwa na vijana. Kwa swali hilo hakuna kingine kinachokikaribia.

Kipimo cha nne: chati

*Kinahesabu nini.* Nafasi ambayo albamu au wimbo ulifika ulipotoka. Nyumbani, albamu zote saba za studio za Oasis zilishika namba 1, na albamu yao ya tatu, Agosti 1997, iliuza zaidi ya nakala 420,000 siku ya kwanza. Katika chati kuu ya albamu ya Marekani hawakuwahi kushika namba 1. Albamu hiyohiyo ya tatu iliishia namba 2.

*Mipaka.* Kila nchi ina chati yake, kwa hiyo ulinganisho wa nchi unawezekana kabisa. Hilo ni jema lake kubwa.

*Kinapotosha wapi.* Nafasi si idadi. Albamu ya pili ya Oasis, ya 1995, iliishia namba 4 Marekani, na wenye kubeza hupenda kuitaja hiyo namba 4. Hawasemi kwamba ilithibitishwa huko kufikia nakala milioni 4. Ilikaa, ikauza polepole, wiki baada ya wiki. Tena chati ya zamani inabeba ajali za zamani: mwaka 1996, bendi ikiwa kwenye kilele, ziara ya Marekani ilikatishwa baada ya ugomvi wa ndugu hawa, Noel akarudi nyumbani. Huwezi kujua chati za huko zingesomekaje kama wangepatana mapema.

*Kinamfaa nani.* Mwandishi wa historia ya muziki, na anayetaka kujua kwa nini nchi fulani inaipenda bendi kuliko nyingine. Kwa mahitaji ya tamasha la leo, ni kipimo dhaifu.

Ushike kipi, kwa hali yako

Kama unabishana na rafiki kuhusu "bendi gani iliyorejea ilitakwa zaidi", kubalianeni kwanza mnasema usiku mmoja au ziara nzima. Kwa usiku mmoja chukueni foleni, na Led Zeppelin wanaondoka na hoja. Kwa ziara, chukueni viwanja na mgawanye kwa usiku, na msishangae mkikuta Guns N' Roses na Oasis kila mmoja akiwa mbele mahali pake.

Kama swali lenu ni "dunia nzima au kwao tu", viwanja na masikio viende pamoja. Kwa Oasis mimi nasoma hivi: nyumbani ni kitu kisicho na mfano, Australia na Amerika ya Kusini wana upendo mzito, Marekani bendi ni kubwa kuliko chati zilivyowahi kusema lakini si kama nyumbani. Mwenzangu mmoja anaisoma Marekani kwa ukarimu zaidi, akisema tiketi zilizokwisha ni tiketi zilizokwisha, na sina namba ya kumkanusha.

Kama unataka kununua tiketi bendi nyingine itakaporudiana, achana na chati kabisa. Tazama usiku zilizotangazwa dhidi ya idadi ya watu wa nchi, na uchague mji ambao uwanja wake una nafasi ya kuongezwa usiku wa pili. Ukikosa siku ya kwanza usikimbilie kwa mlanguzi; Oasis waliongeza usiku ndani ya siku chache, na walioshika pesa zao walipata nafasi ya pili. Angalia pia sheria ya unakokwenda. Ireland tangu 2021 inakataza kuuza tena tiketi za matamasha makubwa kwa bei ya juu kuliko ya awali, na Japani ilipitisha katazo lake lililoanza kutumika 2019, kwa hiyo Dublin au Tokyo mlanguzi ana nafasi finyu kuliko miji mingine mingi.

Kama wewe ni kijana uliyeifahamu bendi kupitia simu na unaambiwa si shabiki wa kweli kwa kuwa hukuwepo 1996, kipimo chako ni masikio. Washa wimbo wa kumi. Ukifika uwanjani siku moja na Liam akiwaambia watu wageuke, waligeuzie jukwaa mgongo, washikane mabega na kuruka pamoja, kama ilivyofanyika katika ziara ya 2025, utakuta aliye kulia kwako ana mvi na aliye kushoto ana umri wako, na wote wanaruka.